Shule yetu ya kijijini: nani anaiongoza, na tutajuaje kama inafanya kazi yake?

"Hii masomo ni ya Leta ao ya kanisa?" Swali hilo linarudi karibu katika kila mkutano wa wazazi kwenye vijiji vyetu. Paa likivuja, watu wanasema shule ni ya Leta, basi Leta ije itengeneze. Siku ya kutafuta direkteri mpya, wanasema shule ni ya kanisa, basi kanisa lichague. Mwalimu akikosa mshahara, macho yote yanamgeukia mzazi. Katika mabishano hayo anayepoteza ni mtoto: anamaliza miaka sita darasani na bado hawezi kusoma barua ambayo dada yake amemwandikia toka mjini.

Tumeona vizuri kueleza kwa lugha nyepesi namna shule ya msingi ya Kiprotestanti ya kijijini inavyoongozwa, nani anajibia kitu gani, na namna ya kujua kama watoto wanajifunza kweli. Tunawaandikia wachungaji, mashemasi, wamama na wababa wa makanisa yetu ya mashariki. Mara nyingi shule na kanisa viko kwenye kiwanja kimoja, lakini washirika wengi hawajui mlango wa kubisha wakati mambo yanaharibika.

Jibu fupi la swali la kwanza ni hili: ni shule ya umma, inayosimamiwa na kanisa, na wazazi wana kiti ndani yake. Wote watatu wana kazi, na kila mmoja ana sehemu yake.

Mkataba wa 1977

Wakati wa ukoloni wamisionari walijenga shule nyingi katika nchi yetu. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulichukua shule za makanisa na kuziweka zote mikononi mwa Serikali. Mpango huo haukudumu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilitia sahihi mkataba na Kanisa Katoliki, na Kanisa la Kristo ambalo leo tunaliita ECC, na Kanisa la Kimbangu. Waislamu waliingia baadaye. Ni kwa sababu ya mkataba huo, "convention" kwa Kifaransa, kwamba shule zetu zinaitwa "écoles conventionnées protestantes", ao kwa kifupi ECP.

Mkataba uligawa kazi. Serikali ilibaki na programu ya masomo, kalenda ya mwaka, inspeksio, mitihani ya taifa na mshahara wa walimu. Kanisa lilipewa usimamizi wa kila siku: kuweka ao kupendekeza viongozi wa shule na walimu kwa kufuata sheria za Serikali, kuangalia mwenendo wao, na kufundisha somo la dini. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaendelea katika njia hiyo: inazihesabu shule hizi kuwa shule za umma, na inatambua wazazi kuwa washiriki katika elimu.

Kuna mambo mawili ambayo mara nyingi yanasahauliwa. La kwanza: kwa kuwa shule ni ya umma, mtoto wa Mkatoliki, wa Mwislamu, ao wa mtu asiye na kanisa, ana haki ya kuingia sawa na mtoto wa shemasi wetu. La pili: kanisa linapokubali kusimamia, haliwezi kusema "hilo ni la Leta" wakati direkteri ambaye lenyewe lilimweka anashindwa kazi. Haki ya kuweka kiongozi inakuja pamoja na deni la kumfuata.

Ngazi mbili juu ya shule moja

Direkteri wa shule ya kijijini ana wakubwa wa pande mbili.

Upande wa Serikali, juu kabisa kuna wizara kule Kinshasa. Chini yake kuna Division ya elimu, inayoongozwa na PROVED. Majimbo makubwa kama Kivu ya Kaskazini yana zaidi ya Division moja. Chini ya Division kuna Sous-Division, na hiyo ndiyo biro ya Serikali iliyo karibu zaidi na kijiji. Inakusanya hesabu za watoto na walimu, inapokea ripoti, na inaangalia kama sheria inafuatwa. Pembeni yake kuna inspeksio, ambayo ina ngazi yake yenyewe. Inspekteri anaingia darasani, anatazama namna mwalimu anavyotayarisha na kutoa somo, kisha anaandika ripoti. Na kuna huduma ya malipo ya walimu, ile ambayo wengi bado wanaiita SECOPE, hata kama jina lake la leo ni DINACOPE.

Upande wa kanisa kuna koordinasio ya taifa ya shule za Kiprotestanti, kisha koordinasio ya jimbo, kisha ile ya kila jumuiya. Hapa kwetu jumuiya kama CBCA, CEPAC, CELPA na CECA 20 kila moja ina shule zake. Chini yao kuna washauri wanaotembelea shule kwa niaba ya koordinateri.

Ngazi hizi mbili zina faida. Moja ikilala, nyingine inaweza kuamsha. Lakini zina hatari pia: kila mmoja anaweza kungojea mwenzake. Kwa hiyo ni vizuri kujua mlango unaofaa kwa kila shida.

Mwalimu akikosa kazi mara kwa mara, ao akishindwa kufundisha, mnaanza kwa direkteri. Direkteri asipofanya kitu, mnapeleka jambo kwa mshauri wa koordinasio na kwa inspekteri.

Mwalimu akiwa hayuko kwenye listi ya malipo, ni koordinasio na Sous-Division zinazopaswa kutuma faili yake, na huduma ya malipo ndiyo inayomwandika.

Makuta ya shule yakipotea, jambo linaanza katika baraza la usimamizi la shule na komite ya wazazi. Kisha linaenda kwa koordinateri, pamoja na karatasi mkononi.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kuzunguka katika milango hii. Mtoto akitendewa uovu wa kimwili na mwalimu ao na mtu mwingine yeyote, hilo si jambo la kusuluhisha kwa mbuzi kati ya familia mbili, wala la kufunika kwa jina la kulinda kanisa. Sheria ya mwaka 2006 juu ya ubakaji inaliita kosa la jinai. Mtoto anapelekwa hospitali mara moja, na jambo linapelekwa kwa vyombo vya haki.

Ndani ya shule: COGES na COPA

Katika shule yenyewe kuna vikundi viwili ambavyo majina yao yanachanganyika masikioni.

COPA ni komite ya wazazi. Inachaguliwa na mkutano mkuu wa wazazi wote. Haichaguliwi na mchungaji, wala na direkteri, wala na mzee wa kijiji. Kazi yake ni kubeba sauti ya wazazi ndani ya shule na kurudisha habari kwa wazazi.

COGES ni baraza la usimamizi. Direkteri ndiye anayeliongoza, na ndani yake wanakaa wajumbe wa walimu na wajumbe wa COPA. Hapo ndipo panapangwa makisio ya mwaka: makuta gani yanaingia, yanatoka kwa kazi gani, na nani anatia sahihi. Serikali inatuma makuta ya uendeshaji kwa shule zinazotambuliwa kwenye malipo. Hayo makuta ni ya chaki, madaftari ya walimu, bulletini, ufagio na matengenezo madogo. Si ya direkteri, hata kama yanapitia mkononi mwake.

Katika vijiji vingi COPA iko kwenye karatasi tu. Mwenyekiti anaitwa siku ya kutia sahihi, anaonyeshwa mahali pa kuandika jina, anarudi shambani. Namna hiyo haina maana. Mjumbe wa COPA ana haki ya kuona buku ya kasha, kuuliza risiti, na kukataa kutia sahihi chini ya hesabu ambayo haelewi. Kama hajui kusoma vizuri, ana haki ya kuja na mtu anayeaminika amsomee. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kutia sahihi kwa macho yaliyofungwa.

Mshahara: njia ndefu ya mwalimu wa kijijini

Wazazi wengi wanashangaa: shule inatambuliwa na Serikali, kwa nini basi nusu ya walimu hawalipwi? Sababu ni kwamba kutambuliwa na kulipwa ni hatua tofauti.

Hatua ya kwanza ni arrêté, karatasi ya waziri inayokubali shule iwepo. Hatua ya pili ni kuingizwa katika bajeti na katika mashine ya malipo. Ndipo watu wanasema shule "imemekanizwa". Hata hapo, kila mwalimu lazima awe na namba yake ya matrikile, na jina lake litoke kwenye listi. Kuna mwalimu ambaye amefundisha miaka mingi na bado ni "NU", maana yake amewekwa kazini lakini hajaingia kwenye malipo. Wengine tunawaita "NP", wasiolipwa. Katika shule moja yenye madarasa sita, walimu watatu wanaweza kuwa na mshahara na watatu wasiwe na kitu, hali wote wanaingia darasani saa moja na nusu asubuhi.

Hata yule anayelipwa ana safari. Tangu mwaka 2011 Serikali ilianza kupitisha mishahara katika banki. Pahali ambapo banki haifiki, kazi hiyo ilipewa mashirika mengine, na Caritas ya Kanisa Katoliki ililipa walimu wengi wa vijijini, hata wa shule za Kiprotestanti. Mwalimu anayetembea siku mbili kwenda kuchukua mshahara anaacha darasa bila mtu. Mwaka 2025, banki zilipofungwa Goma na Bukavu kwa sababu ya vita, shida hiyo iliongezeka mara nyingi.

Tunaeleza haya ili mzazi asimhukumu mwalimu haraka, na pia ili koordinasio isisahau kwamba faili isiyotumwa kwa wakati ni familia inayolala na njaa.

Elimu ya bure, na mzigo uliobaki

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Kwa miaka mingi ilibaki maandishi. Tangu miaka ya 1990, mshahara wa Serikali ulipoanguka, wazazi ndio walikuwa wanalipa "motivasio" ya walimu. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi aliamuru elimu ya bure ianze kweli katika shule za msingi za umma.

Furaha ilikuwa kubwa, na watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani waliingia. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa mwendo huo. Benchi ya watoto watatu ilipokea watano. Na mwalimu wa NU, ambaye alikuwa anaishi kwa makuta ya wazazi, alibaki mikono mitupu. Shule nyingine zilianza kurudisha minerval kwa jina jipya: makuta ya ulinzi, ya maji, ya karatasi.

Hapa tunapaswa kuwa wazi. Katika shule ya msingi ya umma, mtoto hawezi kufukuzwa kwa sababu mzazi hakulipa. Sekondari ni jambo lingine: huko bado kuna malipo, na kiasi chake kinawekwa kila mwaka na gavana wa jimbo. Je, kanisa haliwezi kumsaidia mwalimu asiyelipwa? Linaweza, na linapaswa. Shamba la pamoja, gunia la muhogo, nyumba ya kukaa, sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi: hiyo ni hiari ya washirika, inaandikwa katika buku na inatangazwa mbele ya watu. Lakini sadaka ambayo jina la mtoto linasomwa mlangoni kama mzazi hakuitoa, hiyo si sadaka tena.

Tutajuaje kama shule inafanya kazi?

Kila mwaka tunasikia direkteri akisimama kanisani kutangaza matokeo: "Mwaka huu shule yetu imepata 95 kwa mia!" Makofi yanapigwa. Ni habari njema, lakini haitoshi.

Tuchukue mfano. Tuseme watoto 80 waliingia darasa la kwanza. Miaka sita baadaye, 20 kati yao walifanya mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, ule uliokuwa unaitwa TENAFEP na leo unaitwa ENAFEP. Kumi na kenda walifaulu. Ni kweli, 19 katika 20 ni 95 kwa mia. Lakini katika wale 80 walioanza, waliofika na kufaulu ni 19 tu, hata robo moja hawafiki. Wengine 60 wako wapi? Wamoja walirudia darasa, wamoja familia zao zilikimbia vita, wamoja wako kwenye machimbo, na wasichana wengine waliolewa ao wanalea wadogo wao. Shule inayoongozwa vizuri inajua kila mmoja alienda wapi. Shule inayotazama asilimia ya mtihani peke yake inaweza hata kufurahia watoto dhaifu wakiondoka, kwa sababu namba inapanda.

Hesabu ya pili ni ya kusoma. Banki ya Dunia imekadiria kwamba katika watoto 100 wa Congo wenye miaka 10, karibu 97 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi ya umri wao. Hiyo ni namba ya nchi nzima; ya kijiji chetu tunaweza kuitafuta wenyewe. Katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi hapa mashariki, Kiswahili ndicho lugha ya taifa inayotumiwa kufundishia, kisha Kifaransa kinachukua nafasi pole pole. Kwa hiyo mtoto wa mwaka wa tatu anapaswa kuweza kusoma mistari mitano ya Kiswahili. Mpeni maandishi ambayo hajawahi kuyaona, si ukurasa wa kitabu cha darasa ambao ameukariri, wala mstari wa Biblia anaoujua toka shule ya Jumapili. Asome, kisha aeleze kwa maneno yake. Dakika tano zinatosha kuonyesha kile ambacho bulletini inaficha.

Hesabu ya tatu ni ya siku. Mwaka wa masomo unaanza Septemba na kumalizika mwanzoni mwa Julai. Ni siku ngapi mwalimu alikuwa darasani kweli? Daftari la mahudhurio la walimu linajibu swali hilo, kama linaandikwa kila asubuhi na si mwisho wa mwezi kwa kalamu moja.

Namba hizi tatu, waliobaki, wanaosoma na siku zilizofundishwa, hazihitaji mtaalamu. COPA yenye daftari moja inaweza kuzishika.

Mambo ya kuuliza Septemba hii

Mwaka wa masomo unapoanza, tunaomba kila parokia yenye shule iketi mara moja na direkteri, COPA na walimu, na kupata majibu ya maswali haya:

1. Ni watoto wangapi waliingia darasa la kwanza miaka sita iliyopita, na wangapi walifika mwisho? Wasichana wangapi, wavulana wangapi?
2. Walimu wangapi wana matrikile na wanalipwa, wangapi bado? Faili za waliobaki zilitumwa tarehe gani, na nakala iko wapi?
3. Makuta ya uendeshaji yaliingia kiasi gani mwaka uliopita, na yalifanya nini? Buku ya kasha isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kijiji.
4. COPA ilichaguliwa lini, na nani alikuwepo siku hiyo?
5. Inspekteri alikuja mara ngapi, aliandika nini, na nini kilibadilika kisha ripoti yake?
6. Kiwanja cha shule kina karatasi, na ziko mkononi mwa nani?

Swali la sita linaonekana dogo, lakini siku mtu tajiri atakapoweka mipaka yake katikati ya uwanja wa michezo, ndilo litakuwa la kwanza.

Majibu mengine yatauma. Yaandikwe hata hivyo, na nakala moja ipelekwe kwa koordinasio na moja kwa Sous-Division, ili kila mmoja ajue kwamba mwingine amejua. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 3, ukuta wa Yerusalemu haukujengwa na fundi mmoja mkubwa. Kila ukoo ulichukua sehemu yake, na wengi walijenga ile iliyo mbele ya nyumba zao. Shule ya kijiji iko mbele ya nyumba yetu. Serikali ina sehemu yake na tutaendelea kuidai. Lakini kuhesabu watoto wetu, kujua nani amebaki nyumbani na kwenda kumtafuta, hakuna anayetukataza kuanza wiki hii.